Kipimo cha vipokezi vya homoni kimetoka hasi, lakini daktari ameagiza kirudiwe: kwa nini?

MwanaPongwe ameandika:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaandika kwa niaba ya dada yangu mwenye umri wa miaka 41, ambaye bado anapata hedhi kama kawaida. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi la kushoto katika hospitali moja ya mkoa, na titi hilo likapelekwa maabara ya patholojia. Majibu yaliyorudi ni karatasi moja tu, nami nayanakili hapa kama yalivyo: saratani vamizi iliyoanzia katika mirija ya maziwa, daraja la 1, uvimbe wa sentimita 2.8, tezi 2 kati ya 9 za kwapani zimeingiliwa. ER 0, PR 0, HER2 1+.

Binamu yetu ambaye ni muuguzi alituambia kwamba hiyo ndiyo saratani hasi tatu, yaani ambayo ER, PR na HER2 zote ni hasi, kwamba vidonge vya homoni havitamfaa, na kwamba aanze tibakemia bila kuchelewa. Tulikwenda kliniki ya saratani Dar es Salaam tukiwa tumejiandaa kwa hilo. Daktari aliisoma karatasi mara mbili, akauliza upasuaji ulifanyika siku gani ya wiki, na tulipomjibu kuwa ni Ijumaa mchana akatikisa kichwa, akasema hawezi kuyategemea majibu ya vipokezi na kwamba turudi mkoani tukachukue bloku, yaani kipande cha nyama ya uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta, ili kipimo kirudiwe.

Ninaomba kueleweshwa mambo matatu. Vipokezi hivi ni nini hasa, na hiyo 0 inasema nini? Siku ya wiki inahusiana vipi na saratani? Na je, kusubiri majibu mapya hakutamletea dada madhara? Nyumbani mama ameshamshukuru Mungu kwa kusikia kuwa kipimo ni hasi, nami sijui nimweleze nini.

Slaidi_na_Nta ameandika:

Poleni sana, ndugu MwanaPongwe, na mpe pole dada. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya histolojia, si daktari wa saratani, kwa hiyo nitajibu yanayohusu maabara na kuwaachia wenye fani yao masuala ya tiba.

Vipokezi vya homoni ni protini zilizomo ndani ya kiini cha seli. Istrojeni, ambayo kwa mwanamke anayepata hedhi hutengenezwa zaidi na ovari, huingia ndani ya seli na kushikamana na kipokezi chake, yaani ER, kisha viwili hivyo kwa pamoja hujipachika kwenye DNA na kuamsha jeni zinazoifanya seli ikue na kugawanyika. Seli za kawaida za titi zinavyo vipokezi hivi, na ndiyo maana titi hubadilika msichana anapobalehe na mwanamke anapopata ujauzito. Saratani nyingi za matiti hubaki navyo, zikaendelea kukua kwa msaada wa istrojeni ya mwili wenyewe. Hiyo ndiyo ER chanya. Kipokezi cha projesteroni, yaani PR, hutengenezwa kwa amri ya kile cha istrojeni, kwa hiyo kuwepo kwake ni dalili kwamba mfumo mzima unafanya kazi. Na maabara inapotoa ER hasi na PR chanya kwa uvimbe mmoja, jambo ambalo ni nadra, mwanapatholojia makini hurudia kipimo kabla hajatia sahihi.

Namna tunavyokipima ni hivi. Nyama iliyohifadhiwa kwenye bloku ya nta hukatwa utepe mwembamba wa takriban mikroni 4, ukawekwa juu ya slaidi, kisha tunamwagia kingamwili inayokitambua kipokezi na kemikali inayoacha rangi ya kahawia palipo na kingamwili hiyo. Viini visivyo na kipokezi hubaki na rangi ya buluu. Mwanapatholojia anaangalia kwa hadubini na kukadiria mambo mawili: ni asilimia ngapi ya viini vya saratani vimepata kahawia, na rangi hiyo ni hafifu, ya wastani au kali. Kuanzia asilimia 1 kwenda juu huhesabiwa kuwa chanya, ingawa tangu mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 zile za asilimia 1 hadi 10 hutajwa peke yake kuwa chanya ya kiwango cha chini, kwa sababu tabia zake mara nyingi hukaribia za zile zilizo hasi. Baadhi ya maabara hujumlisha asilimia na ukali wa rangi katika alama ya Allred, inayoanzia 0 hadi 8. HER2 ni protini nyingine, ipo kwenye utando wa nje wa seli: 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, na 2+ huhitaji kipimo cha ziada kiitwacho FISH.

Sasa shaka ya daktari. Sababu ya kwanza ni hilo daraja la 1. Daraja la 1 ni saratani ambayo seli zake bado zinafanana sana na seli za kawaida za titi, na saratani za namna hiyo karibu zote huwa na vipokezi vya istrojeni. Daraja la 1 na ER 0 katika karatasi moja ni mambo yasiyokaa pamoja, na ripoti ya namna hiyo isingepaswa kutoka maabara kabla kipimo hakijarudiwa.

Sababu ya pili ni Ijumaa. Nyama ikitoka mwilini inatakiwa iingie kwenye fomalini, yaani dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10 yenye bafa ndani ya saa 1, fomalini iwe nyingi kiasi cha mara 10 ya nyama, na ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi 72. Titi zima ni nyama nene yenye mafuta, nayo fomalini hupenya polepole mno. Ni kama samaki wa ng'onda: usipompasua kabla ya kumtia chumvi, ngozi itakauka na ndani ataoza. Titi linalotumbukizwa zima kwenye ndoo Ijumaa mchana, bila kukatwa vipande sambamba, hufika mezani kwetu Jumatatu likiwa na pembe za kijivu na ngumu, lakini ukilipasua katikati unakuta wekundu, ulaini na harufu ambayo kila aliyefanya kazi yetu anaijua. Uvimbe ukiwa hapo katikati, protini zake zimeshaharibika. Kingamwili haipati cha kushika, slaidi inatoka buluu tupu, na anayeandika majibu anaandika 0. Sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu saratani ya dada yako.

Kuna njia ya kuigundua hali hiyo. Pembeni ya uvimbe, kwenye slaidi hiyo hiyo, mara nyingi kuna mirija ya kawaida ya titi, ambayo baadhi ya viini vyake lazima vipate kahawia. Mirija hiyo isipopata rangi, majibu si hasi. Majibu ni kwamba kipimo hakikuweza kusomeka. Muulizeni mwanapatholojia swali hilo moja kwa moja, kwa kuwa ripoti nyingi za kwetu hazilitaji kabisa.

Mtakapokwenda mkoani, msichukue bloku ya uvimbe peke yake. Ombeni na ile ya tezi za kwapani zilizoingiliwa, kwa sababu tezi ni ndogo na fomalini huipenya upesi, pamoja na slaidi na nakala ya ripoti yenye namba za bloku. Kama kabla ya upasuaji alichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa sindano nene, hicho ndicho bora kuliko vyote. Bloku zisiachwe ndani ya gari juani: nta hulainika, na nyama iliyomo haipatikani tena popote.

Kigoda ameandika:

Nawasalimu nyote. Mimi sikubaliani na kuzungushwa huku kwa wagonjwa. Inajulikana kwamba wanawake wetu wa Kiafrika wengi wao wana hiyo hasi tatu, na inajulikana pia kwamba ni saratani kali isiyosubiri. Mtu ametoka mkoani, amelipa nauli, amelipa kipimo cha kwanza, leo anaambiwa arudi akalipe cha pili kwa sababu ya siku ya wiki. Waanze dripu, hayo mengine yatafuata. Kama maabara ya kwanza ilikosea, nani anatuhakikishia ya pili?

Daktari_wa_Zamu ameandika:

Ndugu Kigoda, malalamiko yako kuhusu gharama na nauli ni ya haki, na mgonjwa hakupaswa kubeba mzigo wa uhifadhi mbaya wa nyama. Lakini mambo mawili uliyoyasema yanahitaji kusahihishwa kwa ajili ya wasomaji wengine.

La kwanza ni hili la kwamba wengi wetu wana hasi tatu. Ni kweli kuwa sehemu ya wanawake wa Kiafrika wanaopata saratani hasi tatu ni kubwa kuliko ile ya wanawake wa Ulaya. Hata hivyo, tafiti za bara letu zikijumlishwa, zaidi ya nusu ya saratani za matiti zina vipokezi vya istrojeni, na jambo la kuzingatia ni kwamba tafiti zilizotumia bloku za zamani kutoka makabatini zilipata ER chanya chache kuliko zile zilizopanga mapema namna ya kukusanya na kuhifadhi nyama. Kwa hiyo sehemu ya hicho tunachokiita tabia ya saratani ya Kiafrika ni tabia ya ndoo za fomalini.

La pili ni kusubiri. Tibakemia baada ya upasuaji kwa kawaida huanza ndani ya wiki 4 hadi 8, na madhara ya kuchelewa yameonekana wazi zaidi kwa wale waliovuka siku 90. Kipimo kurudiwa kwenye bloku ni kazi ya siku chache hadi wiki mbili. Tena dada huyu, kwa umri wake na kwa tezi 2 zilizoingiliwa, huenda akashauriwa tibakemia hata ER yake ikitoka chanya, kwa hiyo vipimo vya damu, vya moyo, na picha za kifua na ini vinaweza kuendelea wakati bloku ziko safarini. Hakuna kinachosimama, ila nauli ndiyo hiyo tena, na hapo naungana nawe.

Kinachobadilika ni yale yatakayofuata tibakemia, na hapo ndipo sifuri ya uongo inapoumiza. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, George Beatson, alichapisha habari za wanawake ambao saratani zao zilinywea baada ya kuondolewa ovari. Wengine waliofanyiwa upasuaji huo baadaye hawakupata nafuu yoyote, na kwa zaidi ya nusu karne hakuna aliyeweza kubashiri nani atafaidika, mpaka Elwood Jensen na wenzake huko Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokionyesha kipokezi chenyewe. Leo kazi ya ovari kuondolewa inaweza kufanywa kwa sehemu kubwa na kidonge. Tamoksifeni, ambayo mwanzoni ilitengenezwa Uingereza katika harakati za kutafuta dawa ya uzazi wa mpango, hukikalia kipokezi ili istrojeni isipate nafasi. Miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 hupunguza vifo vitokanavyo na saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo kwa wenye ER chanya, na kwa baadhi yao huongezwa hadi miaka 10. Kwa mwenye ER hasi haisaidii kitu. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwanamke aliyeandikiwa 0 isiyo ya kweli hanyimwi dawa ya anasa ya ng'ambo. Ananyimwa kidonge kilichopo kwenye duka la dawa mtaani kwake.

Kwa kuwa dada bado anapata hedhi, kuna mambo machache ya kuyashika iwapo majibu yatabadilika. Tamoksifeni huanza tibakemia ikishamalizika, haziendi pamoja. Dawa za kundi jingine, kama anastrozoli na letrozoli, hazimfai peke yake maadamu ovari zake zinafanya kazi. Dawa hizo zinahitaji kwanza ovari zizimwe, ama kwa sindano ya goserelini ya kila mwezi ama kwa kuziondoa. Tibakemia inaweza kukatisha hedhi kwa miezi mingi bila ovari kufa, kwa hiyo hedhi kukosekana pekee si ushahidi kwamba amekoma, na nimeona watu wakibadilishiwa dawa kwa kigezo hicho tu. Asipate ujauzito akiwa kwenye tamoksifeni, na asitumie sindano, vidonge wala vipandikizi vya uzazi wa mpango vyenye homoni; kitanzi cha shaba kinamfaa. Akiwahi kuandikiwa dawa ya msongo wa mawazo, amtajie daktari kuwa anatumia tamoksifeni, kwa kuwa fluoksetini na paroksetini huzuia ini lisiigeuze kuwa katika hali yake yenye nguvu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa na pumzi ghafla, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa hii huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Bi_Likoni ameandika:

Assalaam alaykum wote. Mimi ni mgonjwa, niko Mombasa, na natumia hiyo tamoksifeni kwa miaka sasa, basi nitasema machache ambayo madaktari huyapita upesi.

Mwanangu MwanaPongwe, mama yako mweleze hivi: kipimo hiki hakikuulizwa kama saratani ipo au haipo, hilo lilishajulikana, kimeulizwa saratani hiyo inakula nini, ili watu wajue waikatie nini. Mimi yangu ilipotoka chanya asilimia 90, jamaa walilia pale pale kwenye benchi, na daktari ndiye aliyekuwa akitabasamu.

La pili, mkisha kupata chanya, msikubali mtu amlaumu dada yenu. Mimi niliambiwa ni sindano za kupanga uzazi nilizochoma, nikaambiwa ni kutonyonyesha vya kutosha, na watoto wangu wote nimewanyonyesha. Nilimuuliza mwanapatholojia mwenyewe, akanambia kipokezi hakielezi saratani ilitoka wapi, kinaeleza tu inavyoishi sasa.

Na dawa yenyewe ina adabu zake. Joto hupanda kifuani hadi usoni ghafla, hata katika baridi ya Julai, na mimi kanga ya pili huwa naiweka karibu na kitanda kwa sababu ya jasho la usiku. Wengi huiacha hapo, tena bila kumwambia daktari, kwa kuwa hawajioni wagonjwa tena na kidonge ndicho kinachowaudhi. Mimi ilinisaidia kuihamishia usiku, na kuacha chai ya tangawizi kali jioni. Kila mtu atajua lake, lakini asiiache kimyakimya.

MwanaPongwe ameandika:

Shukrani za dhati kwenu nyote, na Bi Likoni, shikamoo. Mama nimemsomea maneno yako kama ulivyoyaandika.

Tumerudi na majibu mapya. Hospitali ya mkoa walitupa bloku mbili tukasaini kwenye daftari, moja ya uvimbe na moja ya tezi. Maabara ya pili wameandika kwamba katika bloku ya uvimbe mirija ya kawaida nayo haikupokea rangi, hivyo ER na PR haziwezi kusomeka. Katika bloku ya tezi, ER ni asilimia 70, rangi ya wastani, PR asilimia 10, hafifu, HER2 1+. Sasa swali la binamu yangu, ambaye naye anafuatilia mjadala huu, ni kwamba je, majibu ya tezi yanaweza kuchukuliwa kuwa majibu ya titi? Na kwa nini PR iwe ndogo hivyo?

Slaidi_na_Nta ameandika:

Yanaweza. Seli zilizomo kwenye tezi zimetoka kwenye uvimbe ule ule, na ingawa mara chache vipokezi hutofautiana kati ya titi na tezi, jibu linalosomeka la tezi lina thamani kuliko jibu lisilosomeka la titi. Kuhusu PR, inawezekana ndivyo ilivyo kweli, na inawezekana hata hiyo tezi haikuhifadhiwa vizuri sana. Kwa vyovyote ER ya asilimia 70 inatosha kumpa daktari msingi wa kuandika dawa. Ombeni ripoti ya pili iambatanishwe na ya kwanza ndani ya faili, na ile ya kwanza iandikwe wazi juu yake kuwa majibu yake ya vipokezi yamefutwa, kwa sababu faili hilo litapita mikononi mwa madaktari wengi kwa miaka mingi, na yupo atakayefungua ukurasa wa kwanza tu.

Daktari_wa_Zamu ameandika:

Naafikiana na hayo. Muulizeni daktari wenu katika miadi ijayo kama amepanga kuzima ovari pamoja na tamoksifeni, maana kwa mwanamke wa miaka 41 mwenye tezi zilizoingiliwa ni jambo la kujadiliwa mapema, kabla dripu ya kwanza haijaanza. Na mwambie binamu yako, kwa heshima zote, kwamba aliisoma karatasi sawasawa. Karatasi yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro.